Je, Aliyehudumiwa Amepata Nafuu? Tathmini ya Huduma katika Mafunzo ya Wanasaikolojia wa Beni na Butembo

Tathmini ya huduma ni kazi ya kuuliza kama huduma inayotolewa mahali fulani inawafaa wale wanaoijia, na kulijibu swali hilo kwa ushahidi uliomo humo humo kituoni. Kwa mwanafunzi wa saikolojia tiba, kazi hii haifundishiki darasani peke yake. Hujifunzwa kwenye staji, yaani mafunzo ya kazini, katika chumba kilekile anachojifunzia kumsikiliza mgonjwa, kwa rejesta ileile anayoiandika kila asubuhi. Mwanafunzi hupewa miezi michache achague swali moja dogo linaloisumbua timu ya kituo, akusanye majibu, ayachambue, kisha ayarudishe kwa timu hiyo pamoja na pendekezo la nini kibadilike. Swali laweza kuwa: wanaoanza tiba ya mazungumzo hapa, wanapata nafuu? Au: kwa nini wengi hawarudi baada ya siku ya kwanza? Au: mbona wanawake wanakuja na wanaume hawaonekani?

Mara nyingi tathmini ya huduma huchanganywa na utafiti, au na ukaguzi, na mkanganyiko huo humpotezea mwanafunzi muda mwingi. Utafiti hutafuta maarifa yatakayofaa hata mahali pengine. Ukaguzi huchukua kiwango kilichokwisha kuwekwa na kutazama kama kinafuatwa: je, kila mgonjwa aliyetamka nia ya kujiua aliandaliwa mpango wa usalama siku hiyohiyo, kama mwongozo unavyotaka? Tathmini huichukua huduma kama ilivyo, pamoja na upungufu wake wa dawa, wa vyumba na wa watu, na kuuliza inaleta nini. Haidai kwamba kilichoonekana Katwa, mjini Butembo, kitaonekana Kisangani. Kwa sababu hiyo haihitaji maelfu ya watu wala kundi la kulinganisha, lakini inadai ukweli mkali kuhusu mambo madogo: nani alikuja, nani hakurudi, fomu ngapi zilijazwa nusu.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukitazama utafiti mmoja mkubwa uliofanyika mashariki mwa Kongo. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji vya Kivu na Judith Bass na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na shirika la IRC. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono katika vijiji 7, jumla yao 157, walipata tiba ya mazungumzo katika vikundi, tiba inayomsaidia mtu kuyapima upya mawazo yanayomtesa baada ya tukio. Wengine 248, katika vijiji 8, walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Waliotoa huduma walikuwa wanawake Wakongo ambao hawakuwa wanasaikolojia, bali wahudumu waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Miezi 6 baada ya tiba, dalili za kutosha za sonona au wasiwasi zilibaki kwa asilimia 9 ya wale wa vikundi, na kwa asilimia 42 ya wale wengine. Matokeo hayo yalithibitisha kwamba tiba ya mazungumzo inaweza kufanya kazi Kivu, mikononi mwa Wakivu wenyewe. Hayakuthibitisha kwamba kikundi kinachokutana leo Oicha, kaskazini mwa Beni, kikiongozwa na mhudumu aliyefunzwa siku chache na msimamizi anayepatikana kwa simu tu, kinafanya kazi. Hapo ndipo tathmini inapoanzia.

Wazo kwamba anayetibu nafsi lazima pia aipime kazi yake si geni katika taaluma hii. Mkutano uliofanyika Boulder, jimbo la Colorado, mwaka 1949 uliweka msimamo kwamba mwanasaikolojia tiba afunzwe kuwa mwanasayansi na mtoa tiba kwa pamoja. Uingereza, ambako mafunzo ya udaktari wa saikolojia tiba huchukua miaka 3, ni kawaida mwanafunzi kufanya, mbali na tasnifu yake, mradi mdogo wa kutathmini huduma ya mahali anapofanyia staji. Mpango wa taifa wa tiba za mazungumzo ulioanzishwa England mwaka 2008 uliliingiza zoezi hilo katika kazi ya kila siku: mgonjwa hujaza dodoso fupi kila kikao, si mwanzo na mwisho tu, na hivyo hata anayeacha njiani huacha nyuma yake kumbukumbu ya hali aliyokuwa nayo mara ya mwisho. Hapa Afrika, daktari Dixon Chibanda na wenzake walipoanzisha huduma ya bibi wanaosikiliza wagonjwa kwenye mabenchi ya Harare mwaka 2006, kipimo chao kilikuwa dodoso la maswali 14 lililojengwa kwa maneno ya Kishona ambayo watu huyatumia kuelezea mateso yao. Kumbe kupima hakuhitaji hospitali ya kitajiri. Kunahitaji maswali yanayoeleweka na mtu wa kuyauliza kila mara.

Beni na Butembo, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, ni miji iliyopimwa sana na watu wengine. Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, kilomita zipatazo 30 kutoka mji wa Beni. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Huduma ya kisaikolojia na kijamii ilikuwa nguzo mojawapo ya riposti, kama wenyeji walivyouita mpango mzima wa kupambana na ugonjwa huo. Wanasaikolojia walizungumza na wagonjwa waliolazwa katika vyumba vya kuta za plastiki angavu vilivyowekwa na shirika la ALIMA mjini Beni. Walipeleka habari za kifo kwa familia, na walikuwepo pale familia ilipogombana na timu ya mazishi kuhusu mwili wa mpendwa wao. Pembeni mwa vituo vya matibabu, watu waliopona, ambao kinga yao iliwaruhusu kukaa karibu na hatari, waliwalea katika vituo vya kulelea watoto, kwa msaada wa UNICEF, watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Ilikuwa kazi ya utu na ya ujasiri, nayo ilifanywa katikati ya mashambulizi dhidi ya vituo vyenyewe: cha Katwa kilichomwa moto tarehe 24 Februari 2019, na cha Butembo kilishambuliwa siku 3 baadaye.

Taarifa za riposti zilihesabu familia zilizotembelewa, watoto waliotengana na wazazi, watu waliopata msaada wa kisaikolojia. Hesabu za namna hiyo zina kazi yake. Zinamwambia mpangaji wapi wahudumu hawatoshi, na zinamwambia mfadhili fedha zimekwenda wapi. Lakini mtu aliyefikiwa si lazima awe aliyesaidiwa. Mama aliyetembelewa mara 3 baada ya kuzika wanawe anahesabiwa sawasawa awe ameanza kulala usingizi au awe bado anazunguka uani hadi alfajiri. Mwanasaikolojia kijana aliyeanza kazi yake kwenye riposti, na wengi wa Beni na Butembo walianzia hapo, alijifunza kujaza fomu za aina hiyo kwa haraka na kwa usahihi. Hakufunzwa kuuliza swali lililo chini yake.

Hata hivyo, ndani ya riposti hiyohiyo kulikuwa na mfano ambao mkufunzi yeyote wa tathmini angependa wanafunzi wake wausome. Seli ya uchambuzi wa sayansi za jamii, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa cha CASS, iliundwa mwaka 2018 kwa msaada wa UNICEF ili kuisaidia Wizara ya Afya na washirika wake. Watafiti wake waliuliza maswali yaliyotoka kazini: watu wanakwenda wapi kwanza wanapougua, kwa nini wahudumu wa afya wanaogopa, kwa nini maagizo fulani yanakataliwa. Matokeo yalipelekwa haraka kwa wahusika wenyewe, wakakaa pamoja kuandika mapendekezo, na kila pendekezo likafuatiliwa: nani aliahidi kulitekeleza, na je, limetekelezwa? Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana katika kazi nyingi za vyuoni. Ripoti nzuri ambayo hakuna aliyeahidi kuifanyia kazi huishia kabatini.

Somo jingine lilihusu imani ya watu. Mnamo Septemba 2018 Patrick Vinck, Phuong Pham na wenzao waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kati ya wanne hivi alisema Ebola si ya kweli, na waliosema kwamba viongozi wa mahali pale wanajali maslahi yao hawakufika theluthi. Kwa anayepima huduma ya nafsi, takwimu hizo ni onyo. Mtu asiyemwamini anayeuliza hujibu kwa kujihami: husema anaendelea vizuri ili aachwe, au husema ana hali mbaya ili asikose sabuni na unga. Mwanafunzi anayejifunza kupima katika miji hii anajifunza kwanza kwamba jibu lina mazingira yake, na kwamba dodoso lililojazwa mbele ya mtu mwenye kizibao cha shirika haliwi sawa na lililojazwa mbele ya mtu anayejulikana mtaani.

Riposti ilipoondoka, mahitaji hayakuondoka. Waliopona waliwekwa katika mpango wa kufuatiliwa afya ya mwili na ya akili kwa miezi 18. Februari 2021 Ebola ilizuka tena upande wa Butembo, na mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa mke wa mtu aliyewahi kuugua na kupona. Mlipuko huo ulikuwa mfupi, wagonjwa 12 na vifo 6 hadi ulipomalizika tarehe 3 Mei 2021, lakini uliwarudishia waliopona macho ya shaka ya majirani. Tangu hapo swali la nani anaendelea kuja kliniki ya waliopona, na nani ameacha, limekuwa pia swali la usalama wa mji mzima. Aliyeacha kwa sababu ya aibu, aliyeacha kwa kukosa nauli ya pikipiki na aliyeacha kwa sababu amepona kabisa wanaonekana sawa kwenye rejesta: nafasi tupu. Hilo ni swali linalomfaa kabisa mwanafunzi wa staji, kwa kuwa halihitaji fedha nyingi. Linahitaji orodha, simu, miguu, na heshima ya kutomuuliza mtu habari zake mbele ya wapangaji wenzake.

Juu ya Ebola kuna vita. Mauaji ya raia katika eneo la Beni, ambayo mengi yanahusishwa na kundi la ADF, yanaendelea tangu Oktoba 2014. Kusini, waasi wa M23 waliitwaa Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na Goma mwishoni mwa Januari 2025, na serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini ikahamishia kazi zake Beni. Wadeplase, yaani wakimbizi wa ndani, wameijaza miji ya kaskazini mwa jimbo, wengi wakikaa kwa ndugu na si kambini. Katika hali hiyo huduma ya kisaikolojia huja kwa miradi ya miezi 6 au mwaka mmoja, na mradi ukifungwa, mhudumu huondoka na daftari lake. Ndiyo maana kufundisha tathmini wakati wa staji ni jambo la haraka. Kinachobaki mjini baada ya kila mradi ni wanafunzi wake, na wao wakijua kupima, kituo hakianzi upya kila mwaka.

Butembo ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kipo tangu 1989, na vingine, vya umma na vya kidini, vimefuata. Mwanafunzi anayemaliza masomo Kongo huwa amezoea kuandika memwari, kazi ndefu yenye sura za nadharia, inayotetewa mbele ya baraza la walimu na kuhifadhiwa maktabani. Tathmini ya huduma ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Ni fupi. Swali lake halitoki kitabuni, linatoka kwa muuguzi mkuu. Msomaji wake wa kwanza si profesa bali ni mtu aliyekuwepo wakati data zinakusanywa, ambaye atajua mara moja kama mwandishi amekosea. Mwanafunzi aliyelelewa katika memwari huona kazi hiyo ni nyepesi mpaka anapoianza.

Hatua ya kwanza ni swali, nayo huchukua muda kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi hukaa na timu, pamoja na angalau mtu mmoja aliyewahi kupokea huduma, na kusikiliza wanachogombania. Swali kama “huduma yetu ina manufaa?” ni pana mno. Likisagwa hugeuka: kati ya watu wazima walioanza vikao vya mtu mmoja mmoja kati ya Machi na Mei, wangapi dalili zao zimepungua kufikia kikao cha nne? Swali la pili linaweza kujibiwa na mtu mmoja katika miezi 3, na jibu lake linaweza kubadilisha jambo. Msimamizi mzuri humuuliza mwanafunzi mapema: ukipata jibu hili, timu itafanya nini? Likiwa halibadilishi kitu, litafutwe swali jingine.

Kisha kuna kipimo. Dodoso linalotumika sana duniani kwa sonona ni PHQ-9, lililotangazwa mwaka 2001: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na 10 ikichukuliwa kuwa kizingiti cha kumwangalia mtu kwa makini. Tafsiri zake za Kiswahili zimetumika Tanzania na Kenya. Lakini tafsiri iliyoandaliwa Dar es Salaam au Nairobi haiingii Butembo bila kupigwa msasa. Kiswahili cha huku kina Kifaransa ndani yake, na mama mzee kutoka milima ya Lubero anaomboleza kwa Kinande. Mwanafunzi husoma kila swali kwa sauti mbele ya watu wachache, huwaomba walirudie kwa maneno yao, na kusikiliza wamelielewaje. Zoezi hilo la siku 2 huokoa mradi mzima.

Shida iliyo kubwa kuliko lugha ni maisha yenyewe. Swali mojawapo la PHQ-9 ni la usingizi, jingine ni la hamu ya chakula. Mtu anayeishi pembeni mwa barabara ya Mbau kwenda Kamango, anayelala usingizi wa mang'amung'amu kwa sababu usiku mmoja unaweza kuwa wa mwisho, ana alama kubwa kwenye swali la usingizi, na pengine haumwi. Anajilinda. Mdeplase anayekula mara moja kwa siku hawezi kusema kwa hakika kama amekosa hamu au amekosa ugali. Mwanafunzi hawezi kuyafuta maswali hayo, lakini anaweza kuyatazama peke yake na kuona kama jumla inashuka kwa sababu huzuni na kujilaumu vimepungua, au kwa sababu tu mtaa umekuwa na wiki 2 za amani. Njia rahisi na nzuri ni kuchora alama za kila wiki kwenye mstari wa tarehe, kisha kuandika juu ya mstari huo tarehe za mashambulizi, za kufungwa barabara na za ugawaji wa chakula. Grafu ya namna hiyo, iliyochorwa kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, inaeleza kazi ya kituo cha Beni kuliko majedwali mengi.

Kuna tatizo la hapa hapa ambalo kitabu cha mbali hakilitaji. Wanande, walio wengi katika miji hii, huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, hivyo rejesta moja hujaa kina Paluku, Kambale na Kasereka, kina Masika, Kavira na Katungu. Fomu ya kwanza ya Kavira wa miaka 30 na fomu ya nne ya Kavira wa miaka 30 zaweza kuwa za watu wawili. Ukiziunganisha, utapata nafuu isiyokuwepo au kuzorota kusikokuwepo. Dawa yake ni namba ya siri inayotolewa siku ya kwanza na kuandikwa kwenye kila karatasi, huku orodha inayounganisha namba na majina ikifungiwa mahali pengine. Namba hiyo inafanya kazi ya pili iliyo nzito zaidi. Mahali ambapo kituo kinaweza kuvamiwa, daftari lenye majina ya waliobakwa, au ya vijana waliotoroka makundi ya silaha, ni hatari kwa uhai wao. Mwanafunzi anayebeba fomu zenye majina kwenye mkoba wake kwa pikipiki kutoka Oicha hadi Beni amekosea hata kama uchambuzi wake ni safi.

Uchambuzi wenyewe unahitaji hesabu za shule ya msingi na uaminifu wa mtu mzima. Tuseme kituo kilianza tiba kwa watu 60. Kati yao 24 walimaliza vikao, na 18 miongoni mwa hao 24 walipata nafuu. Ripoti inaweza kuandika kwamba asilimia 75 ya waliomaliza walipata nafuu. Inaweza pia kuandika kwamba asilimia 30 ya walioanza wanajulikana kupata nafuu. Sentensi zote mbili ni kweli, lakini ya kwanza pekee yake ni udanganyifu, kwa kuwa waliobaki mpaka mwisho mara nyingi ndio waliokuwa wakiendelea vizuri. Mwanafunzi hufundishwa kuziandika zote mbili katika aya moja, kisha kuwatafuta wale 36. Hata akiwapata 10, maelezo yao yatakuwa na thamani kuliko pongezi za waliomaliza. Kupima kila kikao, kama wanavyofanya England, hupunguza pengo hilo, na hakuna kinachozuia kituo cha Butembo chenye karatasi na kalamu kufanya hivyo.

Nafuu nayo ina masharti. Alama zikishuka kutoka 16 hadi 14 huenda ni kubahatisha kwa dodoso tu. Neil Jacobson na Paula Truax walipendekeza mwaka 1991 njia ya kukokotoa ni kushuka kwa kiasi gani kunazidi makosa ya kipimo, na huduma za England huchukua alama 6 za PHQ-9 kuwa badiliko la kuaminika. Isitoshe, watu huja kituoni wakiwa katika hali mbaya kuliko zote, na wengi wangepata ahueni kidogo hata bila tiba. Mwanafunzi asiye na kundi la kulinganisha hana haki ya kuandika kwamba tiba ndiyo iliyowaponya. Anaweza kuandika kwamba waliotibiwa wamepata nafuu, kiasi hiki, katika kipindi hiki, na kutaja mambo mengine yaliyotokea.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni kuuliza watu wanaionaje huduma. Nchi nyingi haziilazimishi tathmini ya huduma kupita katika kamati ya maadili ya utafiti, na hilo hurahisisha kazi ya mwanafunzi. Kwa Beni na Butembo urahisi huo usichukuliwe kijuujuu. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani iliripoti kuhusu unyanyasaji wa kingono uliofanywa wakati wa riposti ya 2018 hadi 2020, ikiwataja watuhumiwa 83, wakiwemo 21 waliokuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Habari hizo ziliibuliwa kwanza na waandishi wa habari, mwaka mmoja kabla, si na njia za kawaida za kukusanya maoni ya wananchi. Maana yake kwa mafunzo ni nzito. Mwanamke aliyeombwa ngono ili apewe kazi hawezi kulisema hilo kwenye fomu ya kuridhika na huduma anayoletewa na mfanyakazi mwenza wa yule aliyemwomba. Hivyo maswali ya kuridhika yaulizwe na mtu asiyemhudumia mjibu, majibu yasiwe na jina, na kabla ya fomu ya kwanza kugawiwa kuwepo njia inayojulikana ya kupokea malalamiko mazito, ikiwa na mtu nje ya kituo. Mwanafunzi asiyekuwa na njia hiyo asianze kuuliza.

Baada ya hesabu kuna kurudisha. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoogopa, kwa sababu ni kijana wa staji anayewaambia wakubwa wake kwamba nusu ya wagonjwa wao hawarudi. Adabu ya mahali ina nafasi yake: matokeo humfikia kwanza mkuu wa kituo faraghani, kisha timu nzima, na mwandishi huanza na kile ambacho timu inafanya vizuri, akiwa amekipima kweli. Lakini adabu isigeuke kificho. Kikao cha kurudisha matokeo hakijaisha mpaka kila pendekezo limepata jina la mtu na tarehe, kama CASS walivyofanya, na nakala ikapelekwa kwenye ofisi ya zoni ya afya. Waliojibu maswali nao wanastahili kuambiwa kilichopatikana, kwa Kiswahili au Kinande, ana kwa ana. Watu wa Beni wamehojiwa mara nyingi na kusubiri majibu ambayo hayakuja.

Msimamizi ndiye nguzo ya mafunzo haya, naye ni adimu. Wanasaikolojia wenye uzoefu Kivu ya Kaskazini ni wachache, barabara kati ya miji haziaminiki, na tangu Goma ianguke safari ya kusini imekuwa ngumu mno. Usimamizi wa simu unawezekana kama una ratiba: saa moja kila wiki kwa wagonjwa, na nusu saa tofauti kwa tathmini, isimezwe na dharura. Vyuo vya nchi jirani, kama Makerere na Muhimbili, ambavyo hufundisha saikolojia tiba kwa ngazi ya uzamili, viko karibu kuliko Kinshasa kwa umbali na, kwa upande wa Muhimbili, kwa lugha pia. Ushirikiano nao katika kusahihisha ripoti ungegharimu kidogo.

Katika kumpima mwanafunzi mwenyewe, kosa lililo rahisi kufanya ni kumpa alama kubwa aliyepata matokeo mazuri. Anayestahili ni aliyeuliza swali linalofaa, akalinda siri, akaeleza pengo la data zake bila kujificha na akairudisha kazi kwa wenyewe, hata kama jibu lilikuwa kwamba huduma haisaidii. Ripoti yake, kurasa 10 zinatosha, hubaki kituoni pamoja na fomu tupu, maelezo ya namna alama zilivyohesabiwa na orodha ya mapendekezo yenye tarehe. Mwanafunzi wa muhula unaofuata haanzi na swali jipya. Anaanza kwa kuhesabu mapendekezo yapi yametekelezwa, kisha anarudia kipimo kilekile kwa wagonjwa wapya.